Mtembezi hula miguu yake



Wahenga wetu walituachia maneno mawili yanayogombana juu ya safari. La kwanza ni tembea ujionee. La pili ni mtembezi hula miguu yake. Juma hili nataka kuwapatanisha wahenga hao kwa habari za Mwingereza mmoja aliyeizunguka Ulaya peke yake mwaka 1608, akarudi kwao na aibu chungu nzima, na asifiche hata moja.

Mtu huyo aliitwa Thomas Coryat. Alikuwa mtoto wa kasisi wa kijiji cha Odcombe, katika jimbo la Somerset. Alisoma Oxford akatoka bila shahada, lakini alitoka na Kilatini na Kigiriki kingi kuliko alichoweza kukitumia. Baadaye akapata nafasi katika nyumba ya Henry, mwana wa Mfalme James wa Kwanza. Kazi yake haikuwa na jina maalumu, ila kila mtu aliifahamu: wakubwa wakimaliza kula, Coryat aliitwa ili wapate mtu wa kumcheka.

Siku hizo Waingereza waliokwenda Italia walikuwa vijana wa matajiri, wenye watumishi, farasi na mwalimu wa kuwaongoza. Coryat hakuwa na hayo. Aliondoka na nguo za kubadilisha chache mno, na fedha kidogo alizozishona ndani ya koti. Leo tungesema amebeba shanta mgongoni na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Tarehe 14 Mei 1608, saa nne asubuhi, alipanda jahazi bandari ya Dover. Saa kumi na moja jioni akashuka Calais, Ufaransa. Kati ya saa hizo alitapika. Sasa sikiliza, ndugu yangu: jambo hilo ndilo aliloanza nalo kitabu chake. Msafiri mwingine angeanza na minara ya Calais. Huyu alianza na tumbo lake, na kwa maneno ya kisomi akaeleza jinsi alivyoupaka ubavu wa chombo rangi mpya.

Akapita Paris, akafika Lyon. Hapo akakutana na jambo ambalo wengi wetu tunalijua. Miji ya Italia iliogopa tauni, kwa hiyo mgeni hakuruhusiwa kuingia getini bila cheti cha afya kutoka mji aliotoka, kuthibitisha kwamba hana maradhi ya kuambukiza. Kila mji ulitaka cheti chake, na Coryat anasema hakuna waliokuwa wakali kama watu wa Venice. Wewe uliyewahi kupekuliwa kadi ya manjano ya chanjo uwanja wa ndege, au kupanga foleni alfajiri mbele ya ubalozi kuomba viza, ujue kuwa foleni hiyo ni ya zamani. Zaidi ya miaka 400 iliyopita Mwingereza alisimama ndani yake, karatasi mkononi, akimwomba mlinzi wa geti amwamini.

Kutoka Lyon njia inapanda milima ya Savoy. Katika mlima wa Aiguebelette walikuwapo wapagazi, watu maskini waliojipatia riziki kwa kuwabeba wasafiri kwenye viti. Wenzake njiani walikwisha patana nao. Coryat akasema yeye ana miguu. Wale wapagazi wakamtazama, wakatazamana, kisha wakaupanda mlima kwa mwendo wa kukimbia. Walijua mgeni hawezi kuijua njia peke yake, na akichoka atalipa. Alijitahidi mpaka moyo ukataka kupasuka, mwisho akakubali peni 18, akakalishwa kwenye kiti, akapelekwa juu kama mzigo wa chumvi. Sisi ambao babu zetu waliwabeba Wazungu kwa machela kutoka pwani kwenda bara, tunaisoma habari hii kwa tabasamu la pekee. Mpagazi wa Savoy na mpagazi wa Bagamoyo wangeelewana bila mkalimani.

Huko Italia aliona vitu viwili ambavyo kwao vilikuwa vigeni. Cha kwanza ni uma. Waitalia walishika nyama kwa uma wakati wa kuikata, kwa sababu, alieleza, vidole vya watu havifanani kwa usafi. Waingereza wakati huo walikula kwa vidole, toka mfalme hadi mchunga kondoo. Mwenzetu unayemfinya mwanao akila wali kwa mkono mbele ya wageni, eti hiyo siyo adabu ya Kizungu, kumbuka hilo. Coryat aliipenda desturi ile, akaendelea kutumia uma hata aliporudi kwao. Rafiki yake mmoja akamwita, kwa Kilatini, mbeba uma, neno ambalo katika lugha hiyo lilikuwa pia na maana ya mhuni anayestahili kitanzi. Uma ukamuuma.

Cha pili ni mwavuli. Waitalia wapanda farasi waliubeba kujikinga na jua, wala si mvua. Jina lao la kitu hicho linatokana na neno la Kilatini la kivuli. Nasi Waswahili tunasema mwavuli, na uvuli umo ndani yake. Mataifa mawili yaliyokaa mbali yaliliona jua moja na kulipa jibu moja.

Venice alikaa kiasi cha majuma sita, akausifu mji huo kuliko yote. Lakini siku moja aliingia katika mtaa wa Ghetto, ambako tangu mwaka 1516 serikali ya mji iliwalazimisha Wayahudi kuishi, na mageti yakifungwa usiku. Akakutana na rabi msomi aliyejua Kilatini. Badala ya kumwuliza habari za watu wake, Coryat akaanza kumhubiria aache dini ya baba zake. Rabi akamjibu kwa hoja. Sauti zikapanda, watu wakajaa, kiasi cha arobaini au hamsini, wakamzunguka mgeni aliyekuja kuwatukana kwao. Akaanza kurudi nyuma kuelekea darajani. Kwa bahati yake balozi wa Uingereza, Sir Henry Wotton, alikuwa anapita na mtumbwi chini ya daraja, akamwona, akamtuma mtu wake akamtoe.

Mimi katika kisa hiki niko upande wa rabi. Watu waliofungiwa usiku ndani ya mtaa wao hawakuhitaji mgeni wa kuwaongezea kufuli. Lakini tumjue Coryat: angeweza kukinyamazia kisa hiki, na hakukinyamazia.

Safari ya kurudi aliifanya kwa sehemu kubwa kwa miguu. Bergamo alifika wakati wa maonyesho ya biashara, nyumba za wageni zimejaa pomoni. Msomi wa Oxford akalala kwenye majani ya zizi, miguuni pa farasi. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, walisema wahenga, na huyu hata sultani hakuwa.

Akavuka milima, akapita Zurich na Basel, akaingia nchi za Wajerumani. Karibu na mji wa Baden, ndani ya msitu, aliwaona watu wawili wanamjia, nguo zimechanika, sura za kutisha. Akakumbuka fedha zilizoshonwa kwenye koti, akaona amekwisha. Akafanya ujanja mmoja tu alioubuni papo hapo: akavua kofia, akainama, akanyosha mkono kuomba sadaka. Wale aliowadhania majambazi wakasimama. Wakatia mikono mifukoni, wakampa vijisenti vyao. Vilitosha kulipia nusu ya chakula chake cha usiku ule mjini Baden.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nacheka mpaka nafika mwisho wake, halafu nanyamaza. Mwenye fedha alimwogopa maskini kwa sababu ya matambara yake, na maskini akampa mwenye fedha nusu ya chakula chake. Sijui hotuba gani ya msikitini au kanisani inayolisema jambo hili vizuri zaidi.

Siku chache baadaye, karibu na mji wa Worms, alichuma vishada viwili vya zabibu shambani mwa mtu. Mwenye shamba akatokea na shoka la vita lenye mpini mrefu, akamnyang'anya kofia kwa hasira. Coryat akajitetea kwa Kilatini safi. Mkulima akamfokea kwa Kijerumani. Kilatini cha Oxford hakikusaidia kitu mbele ya mtu ambaye zabibu zake zimeliwa. Mpaka walipotokea wapita njia wenye lugha zote mbili ndipo kofia ikarudi kichwani pake.

Tarehe 3 Oktoba 1608 aliingia London. Mwenyewe alihesabu maili 1,975, yaani zaidi ya kilomita 3,000, na miji 45. Viatu vyake vilivyomrudisha toka Venice alivitundika katika kanisa la Odcombe kuwa shukrani, vikaning'inia humo miaka mingi baada ya yeye kufa. Ndiyo maana nikasema wahenga tuwapatanishe: mtu alijionea, na miguu ililiwa.

Akaandika kitabu kinene. Hakuna mchapaji aliyekitaka, akakigharimia mwenyewe. Mwana wa mfalme akataka wajuzi wa mjini watunge mashairi ya kukitanguliza. Walijitokeza zaidi ya hamsini, akiwamo John Donne, na Ben Jonson akiwa mstari wa mbele, na karibu wote walimcheka. Kitabu kikatoka mwaka 1611 kikiwa na kejeli hizo mwanzoni. Mwaka huo huo mjanja mmoja akachapa zile kejeli peke yake, bila kitabu, akawatangazia wanunuzi kwamba sehemu nyingine haikuwa na faida. Yaani watu walinunua kicheko, wakamwacha mchekwaji.

Sasa nifike ninakotaka kufika. Katika kazi hii ya utangazaji nimewahoji wengi waliotoka Ulaya. Mashine ya kurekodi ikiwaka, wananisimulia Ulaya ya majumba, treni zisizochelewa na maduka yanayometameta. Nikiizima, tukanywa chai, Ulaya nyingine inatokea: usiku wa kulala stesheni, baridi ya kukata masikio, kuosha vyombo, kujificha askari wasiulize karatasi. Nikiwauliza kwa nini hayo hayasemwi redioni, jibu ni moja: watu watanicheka.

Na kweli, huwa tunawacheka. Kijana akirudi bila gari tunasema alikwenda kulala. Akisema alifagia barabara tunamwita mshamba. Kwa hiyo anayefuata anajifunza kudanganya. Anapiga picha akiegemea gari la mtu, anaituma nyumbani. Picha hiyo inapita mkono kwa mkono mtaani, na kijana mwingine anamwomba mama yake auze shamba, au anakwenda bandarini usiku kuzamia meli asiyoijua inakokwenda. Wapo waliofika. Wapo pia ambao mama zao mpaka leo hawajui waandike kaburi gani.

Kicheko chetu kina gharama, na wanaoilipa ni watoto wetu. Sisemi vijana wasisafiri. Coryat mwenyewe hakukomeshwa na vicheko. Mwaka 1612 aliondoka tena, akapita Constantinople, Jerusalem na Aleppo, akavuka Uajemi kwa miguu mpaka Ajmer, India. Toka Aleppo mpaka huko alitumia pauni tatu tu, na kati yake shilingi kumi alitapeliwa, jambo ambalo, kama kawaida yake, aliliandika. Mwaka 1616 akasimama chini ya dirisha la Mfalme Jahangir, akamhutubia kwa Kiajemi alichojifunza njiani. Mfalme akamtupia rupia mia moja. Desemba mwaka 1617 akafa kwa ugonjwa wa tumbo mjini Surat, mbali sana na Odcombe.

Wale waliomcheka wengi wao hawasomwi tena. Donne na Jonson wanasomwa, tena kwa haki, kwa kazi zao nyingine. Lakini mtu akitaka kujua mwaka 1608 palikuwaje getini Lyon, zizini Bergamo au msituni karibu na Baden, hamwendei yeyote kati yao. Anamwendea yule aliyetapika jahazini akakubali kusema.

Basi ndugu yangu, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyerudi kutoka ng'ambo, mkaribishe, mpe kiti, umwulize alilala wapi usiku wa kwanza. Akikujibu kweli, usimcheke mpaka amalize. Akimaliza, chekeni pamoja, kisha mwite kijana wa jirani anayepanga kuondoka, aje asikilize naye.

Hadi juma lijalo, kwaherini.