Ulinzi wa Boma Nambale: Kutoka Handaki hadi Kamera

Ulinzi wa makazi Nambale, nchi ya Wakhayo, tawi la Waluhya, kando ya barabara ya Mumias kwenda Busia, una mizizi katika udongo. Karne ya 19, vijiji vingi vya Waluhya vilizungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Msafiri Mskoti Joseph Thomson aliviona alipopita pande hizo mwaka 1883. Utawala wa Waingereza ulipokomesha vita, kuta ziliachwa zibomoke. Ukaja ua wa mimea, kisha seng'enge, mbwa na mlinzi wa usiku mwenye rungu na tochi.

Kamera ni mgeni wa juzi, aliyefuata stima na intaneti ya simu. Kwanza huangaliwa umeme: stima ikipotea, kamera isiyo na betri wala sola hupofuka saa ileile inapohitajika. Yenye laini ya simu hufaa boma lililo mbali na mji. Hufungwa chini ya upenu, mita 2.5 hadi 3 kutoka ardhini, ikitazama lango na zizi. Ikikabili jua la machweo, sura ya mtu hugeuka kivuli cheusi. Buibui nao hupenda kutanda mbele ya lenzi, hivyo kitambaa kikavu ni sehemu ya ulinzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data binafsi. Hivyo ua wa jirani haufai kuchunguliwa.