Picha Isiyo na Uso: Kifua Kikuu na Mapenzi katika *Der Zauberberg*

Riwaya ya Thomas Mann, *Der Zauberberg* (1924), husomwa zaidi kama mjadala wa kifalsafa, na Davos, mji wa milimani nchini Uswisi, huachwa uwe mandhari tu. Usomaji huo unayapunguzia uzito mapenzi yaliyomo. Tangu miaka ya 1860 wagonjwa wa kifua kikuu walipanda Davos kutafuta hewa ya mlimani. Robert Koch aligundua bakteria wa ugonjwa huo mwaka 1882, lakini dawa ya kuwaua haikupatikana hadi miaka ya 1940. Katika kipindi hicho tabibu aliweza kuuona ugonjwa asiweze kuuponya. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilimzidishia kuona tu.

Humo ndimo yanamozaliwa mapenzi ya Hans Castorp, anayekuja kwa wiki tatu kumtembelea binamu yake Joachim, akakaa miaka saba. Clawdia Chauchat anapoondoka, anamwachia picha ya eksirei ya kifua chake: mifupa na vivuli, pasipo uso. Mpenzi mwingine angeachiwa shungi la nywele. Anachokitunza Castorp ni ushahidi wa ugonjwa uliowakutanisha, nao ndio utakaomuua Joachim.

Mann mwenyewe alifika Davos mwaka 1912 kumwona mkewe, Katia, aliyekuwa akitibiwa huko. Tabibu alimshauri naye abaki, akakataa. Castorp alikubali, hadi vita vya 1914 vilipomteremsha.