Usimbaji fiche

Usimbaji fiche ni kuugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo. Mchezo wa kinyume, watoto wanapogeuza silabi ili wengine wasielewe, ni ndugu yake. Kwenye kompyuta aina kuu ni mbili. Ya ufunguo mmoja, kama AES iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, ina kasi. Inafaa kulinda mafaili yaliyohifadhiwa kwenye simu au flashi. Ya funguo mbili, kama RSA ya mwaka 1977, huwafaa wasiowahi kukutana: ufunguo wa wazi hufunga, wa siri hufungua. WhatsApp na tovuti za benki hutumia aina zote mbili. Kwa hiyo, enyi mawakala wa pesa wa Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, simbeni taarifa za wateja wenu. Nawe mteja, usiitaje namba yako ya siri kwenye dirisha la wakala.