Uhalisi wa Beji za Kofia za Jeshi la Uingereza
Uchunguzi wa beji huanzia kwenye taji. Beji inayodaiwa kuwa ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilhali taji lake ni la mtindo ulioanza baada ya Malkia Elizabeth wa Pili kurithi kiti cha enzi mwaka 1952, hujisuta yenyewe. Kigezo cha pili ni utengenezaji: beji halisi za metali kwa kawaida ziligongwa kwa chapa, hivyo mistari yake hukolea, bandia nyingi husubiwa, na uso wake huwa na vitundu vidogo. Hata hivyo, vigezo hivyo hudhoofika pale beji mpya zinapogongwa kwa chapa za zamani zenyewe. Hapo hubaki kumbukumbu za umiliki; mtafiti asiye nazo hana msingi wa kuihusisha beji na askari yeyote.