Mifugo kama Bima: Kaya Maskini za Chamwino na Hoja ya Ukame katika Umaskini wa Ugogo

Hoja kwamba Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, ni maskini kwa sababu ya ukame imerudiwa mno hata wapangaji wengi wa maendeleo hawaoni tena haja ya kuithibitisha. Mvua ya uwanda wa kati hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na miaka mingi haizidi milimita 600. Kwa hiyo, hudaiwa, mkulima wa mtama na uwele hawezi kujikwamua mpaka aletewe maji, mbegu au shamba kubwa. Sambamba na hoja hiyo kuna dai baya zaidi, kwamba Mgogo amezoea kusaidiwa. Dai hili husemwa mitaani kuliko linavyoandikwa, lakini linajitokeza kila masharti ya msaada yanapotungwa kana kwamba anayepokea hakosi kufuja. Makala hii inayapinga yote mawili. Kaya ya Ugogo hufukarika kwa kukosa akiba ya kuivusha mwaka mbaya, na akiba hiyo, kwa sehemu kubwa, ilivunjwa na maamuzi ya dola.

Kwamba mvua ya Dodoma haitabiriki, hakuna anayebisha. Mabishano yanaanza tunapouliza kwa nini mwaka mmoja wa ukame huua na mwingine hupita. Gregory Maddox, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, anaeleza kwamba takriban watu 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Ukame ulikuwapo. Lakini kabla yake majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokatika, ghala na zizi vilikuwa vitupu. Mfano huu unaiunga mkono hoja ya Amartya Sen ya mwaka 1981, kwamba mtu hufa njaa anapopoteza njia ya kukipata chakula, hata kama chakula kipo mahali fulani. Anayeendelea kuieleza Mtunya kwa ukame peke yake anaifuta vita katika historia ya Ugogo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, ni wa karibuni. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianza majaribio ya kutoa fedha kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, hii ya mwisho ikiwa Ugogo. Vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu, nusu vikaanza kupokea na nusu vikasubiri. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, na wanakijiji wenyewe walishiriki kuteua walengwa. Tathmini ya David Evans na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2014, ilitoa matokeo ambayo nadhani hayajasomwa ipasavyo. Kaya zilizopokea fedha hazikuongeza ulaji kwa kiwango cha kuonekana wazi. Zilinunua mifugo, hasa mbuzi na kuku, zikawanunulia watoto viatu, na zilipougua zilitumia zaidi bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii.

Kwa mwenye kuamini kwamba maskini hufuja, na hata kwa mwenye kuamini kwamba shida yake ni njaa ya leo tu, matokeo haya ni fumbo. Kaya yenye njaa inapewa fedha, nayo inanunua mbuzi? Kwa anayeijua historia ya Ugogo hapana fumbo. Peter Rigby alikwisha kuonyesha mwaka 1969 jinsi ng'ombe wanavyofunga undugu wa Wagogo, wakikabidhiwa jamaa na majirani wa mbali ili ukame au maradhi yasimalize kundi zima mahali pamoja. Mbuzi wa TASAF ni hatua ya kwanza ya kurudi katika utaratibu huo. Huuzwa mwezi wa Januari, debe la mahindi linapopanda bei, na mwenye naye halazimiki kuacha shamba lake akapalilie la mwingine ili apate chakula cha siku. Hapo ndipo umaskini unapozaliwa kila mwaka, kwa sababu palizi iliyochelewa ni mavuno yaliyopotea.

Nitapingwa kwamba wilaya mbili kati ya hizo tatu ziko Mkoa wa Pwani, zenye mvua na masoko tofauti. Ni kweli, na wastani wa wilaya tatu hauwezi kuthibitisha kila ninalolidai juu ya Chamwino. Lakini unatosha kukanusha dai la ufujaji. Pingamizi zito zaidi linatoka Kondoa, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliondoa mifugo yote mwaka 1979 katika eneo lililoliwa na mmomonyoko, na uoto ukarudi. Lakini ardhi ilipona kwa gharama ya maziwa, samadi na akiba ya wenyeji, na ng'ombe waliporuhusiwa tena, walirudi wakiwa wa kulishwa zizini. Somo la Kondoa linahusu namna ya kufuga.

Mashamba makubwa hayanishawishi. Mpango wa karanga wa Kongwa ulianza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, na mashamba ya vijana yaliyozinduliwa Chinangali mwaka 2023, ingawa yana maji na nia njema, hayamfikii ajuza wa Chamwino anayelea wajukuu.

Umaskini wa mahitaji ya msingi nchini ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, mwendo wa polepole mno. Bunge linalokaa Dodoma litunge sheria inayoyafanya malipo ya kaya maskini kuwa haki yenye tarehe, yatolewe kabla ya palizi, bila kumpangia mlengwa anunue nini. Majaribio ya TASAF yameshaonyesha kwamba anajua.