Chaki ya Shosho

Shosho alipovunjika nyonga, nilikimbia kemisti nikamnunulia vidonge vya kalsiamu. Akageuza kimoja mkononi: "Si hii ni chaki?" Nikacheka. Kusoma lebo, ni kalsiamu kaboneti. Chaki kabisa.

Mwaka 1931 John Boyd Orr na Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya koloni hapa Kenya, walichapisha utafiti kuhusu afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Wamaasai walikunywa maziwa, kalsiamu tele. Wakikuyu walitegemea nafaka, viazi na kunde, kalsiamu kidogo. Wengi huishia hapo. Mimi nimekwama kwa wanawake wa Kikuyu: walikula mboga za majani kuliko wanaume wao, pamoja na majivu ya mimea na udongo wa chumvi. Na hakuna daktari aliyewaandikia.

Lakini kumeza si kupata. Oksaleti ya spinachi huishika kalsiamu ikapita tu. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, kwa hivyo yake huingia mwilini vizuri. Kaboneti nayo hutaka asidi ya tumbo, ndiyo maana humezwa na chakula, kidogo kidogo. Bila vitamini D, utumbo hunyonya sehemu ndogo tu.

Sasa, Shosho alikuwa anameza usiku, tumbo tupu, juu ya dawa za kupunguza asidi. Miezi minne! Aliyeniuzia hakuuliza, nami sikuuliza. Daktari alimbadilishia sitreti, ambayo haihitaji asidi hiyo. Shosho anaimeza, halafu ananituma sukuma.