Ngome Zisizoonekana

Wasikilizaji wetu, tusikiapo neno ngome, fikira zetu huelekea pwani, kwenye Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuta zake nene za mawe ziliwekwa hapo ili adui azione toka mbali na kuogopa. Leo twapenda kuwaongoza hata vilima vya Mbulu, tukazitazame ngome za namna nyingine, zilizojengwa ili adui asizione kabisa.

Huko Kainam, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, ndiko yaliko makao ya kale ya Wairaqw. Zamani hizo Wamasai waliwashambulia ili kuteka ng'ombe wao. Mwiraqw hakuwa na mizinga. Alichimba ubavu wa kilima, akaiingiza nyumba yake ardhini. Akalaza miti juu yake, kisha akaifunika kwa udongo hata paa likawa sawa na mteremko wenyewe. Atazamaye kutoka juu aliona kilima tu. Usiku watu na mifugo walilala humo pamoja. Na samadi ya mifugo hiyo ndiyo iliyorutubisha mashamba yao membamba ya milimani.

Je, ngome ipi ilikuwa imara zaidi? Waomani waliizingira Ngome ya Yesu mwaka 1696, na mwaka 1698 wakaitwaa, walinzi wake wakiwa wamekwisha angamizwa na njaa na maradhi. Lakini Wairaqw walidumu na lugha yao ya asili ya Kikushi, na amani ilipopatikana walienea mpaka Karatu na nyanda za Hanang.

Hata hivyo, jiwe lina faida moja, nayo ni kudumu. Ngome ya Yesu iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Nyumba ya udongo isipokaliwa hubomoka, na kilima hurudia hali yake. Wanafunzi wetu wasiposikia habari zake, watadhani kwamba historia hukaa penye mawe tu. Basi, kila mwalimu na awapeleke watoto kwa wazee, wapime mashimo yaliyosalia, wachore, waandike. Katika nyumba za watawa wa Ulaya ya kale, kalamu ndiyo iliyohifadhi mengi. Kwetu pia yaweza kufanya hivyo, maadamu wazee wangali nasi. Mwacha asili ni mtumwa.